Ukingo wa Kivumbasi

Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua madirisha, ufagio wa chelewa ulikuwa umeshaanza kusikika uani: fyaa, fyaa, fyaa. Huyo alikuwa Kiranja. Alianzia kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akapita chini ya kamba ya nguo, akazunguka tuta la maboga, akamalizia kwenye shimo la taka. Alifagia kwa mistari iliyonyooka, akirudi kinyumenyume ili nyayo zake zisiharibu kazi yake mwenyewe. Ukimwona ungedhani anachana nywele za mtu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Kiranja alilipata shuleni, maana alikuwa kiranja wa usafi wa darasa lake, nalo likamganda mpaka nyumbani. Baba na mama yake walifanya kazi mbali, wakija mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote aliishi na shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikuwa fundi cherehani. Cherehani ilikaa barazani, na vitambaa vya sare za shule vilijaa hata juu ya viti vya wageni.

"Bibi Afya," shangazi alimtania asubuhi moja, pini akiwa amezibana midomoni, "ukiendelea kufagia hivyo utafika kwenye msingi wa nyumba, tuje tulale nje."

"Shangazi nawe! Uchafu ni uchafu."

"Haya, fagia kote. Ila ule ukingo usiuguse. Pale wanakula wageni wangu."

Ukingo wenyewe ulikuwa ukanda mwembamba wa ardhi ngumu, kando ya uzio wa mabati, nyuma kabisa. Hapo palijiotea vivumbasi. Hakuna aliyevipanda. Vilikuwa mimea ya porini, yenye majani yanayonukia ukiyagusa, na juu yake vishada vya maua madogo meupe yenye zambarau kidogo. Vilisimama ovyo ovyo, kimoja kimelala, kingine kimeegemea bati. Kutwa nzima nyuki walivuma hapo. Kiranja hakuona mgeni yeyote akila. Alidhani shangazi anatania, kama kawaida yake.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka ule, shangazi aliteremsha mkebe wa vifungo kutoka juu ya kabati. Chini ya vifungo vya mashati na vya makoti kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mbegu nne za boga, pana na nyeupe.

"Hizi ni za bibi yako," alisema. "Marehemu mama alizipanda miaka yote, akaniachia mfuko mzima. Panya wakaingia darini, wakaumaliza. Zimebaki hizi nne tu, wala sijui mtu mwingine aliye nazo. Tutapanda mbili, na mbili zikae akiba. Kazi nakupa wewe, kwa sababu mkono wako hauna uvivu."

Kiranja alilikumbuka boga la bibi. Lilikuwa kavu, likimeguka lenyewe, tamu bila sukari. Alizipokea mbegu mbili kwa mikono miwili. Akazipanda, na zote mbili zikaota.

Basi, mambo yangekwenda vizuri kama si siku ile mwalimu aliposimama mbele ya darasa akatangaza, "Wiki ijayo kamati ya usafi itatembelea nyumba za viranja wote."

Kulikuwa na msichana darasani aliyeitwa Kasuku, kwa kuwa neno halikupata kulala kinywani mwake. Aligeuka papo hapo.

"Kwa Kiranja twendeni na panga! Mimi nimepita nyuma kwao. Mbele wamefagia, nyuma msitu. Chui akitoka huko, msiseme sikuwaambia."

Darasa zima likacheka. Kiranja naye akajifanya kucheka, lakini masikio yalimwaka moto.

Jumamosi shangazi alikwenda kupeleka sare kwa wateja. Kiranja akabaki peke yake na ufagio wake. Alipofika kwenye ukingo, alisimama. Akang'oa shina moja. Hili tu, alijiambia, limezidi kulala. Kisha la pili, maana bila la kwanza lilionekana vibaya. Ukishang'oa mawili, la tatu halina utetezi. Kabla ya adhuhuri ukingo wote ulikuwa mweupe. Mashina alikuwa ameyatupa kwenye shimo la taka na kuyafunika kwa majivu. Nyuki walizunguka hewani pale palipokuwa na maua, wakipanda na kushuka, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Uwanja ulipendeza. Ulipendeza kwa muda wa saa moja hivi, mpaka shangazi aliporudi.

"Nani amefanya hivi?"

Kiranja alikuwa na majibu mawili mdomoni, la kweli na la uongo. La uongo likatangulia.

"Diwani," alisema.

Diwani alikuwa beberu wa jirani. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na ndevu za heshima, na alihudhuria kila uwanja wa mtaa bila kualikwa. Mwenye beberu huyo alikuwa fundi baiskeli, mzee mpole ambaye watu wote walimwita Mzee Pampu. Shangazi alitoka mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na maneno aliyomwambia jirani yake siku ile sitayaandika hapa. Mzee Pampu alikuja mpaka uani. Aliutazama ukingo. Akamtazama Diwani. Halafu akamtazama Kiranja, kwa muda mrefu kidogo.

"Nisamehe, jirani," alisema. "Nitamfunga."

Akamfunga kweli. Tangu siku hiyo Diwani alishinda amefungwa kwa kamba fupi kwenye fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu, akizunguka hatua nne huku na hatua nne huku, na kulia. Sauti yake ilivuka uzio. Kiranja aliisikia akifagia, aliisikia akila, na aliisikia akifanya hesabu za shule.

Kamati ya usafi ilikuja ikampa alama zote. Kasuku alikosa la kusema, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Ajabu ni kwamba Kiranja hakuona raha aliyoitarajia.

Mashina ya boga yalitambaa, yakafunika tuta, yakatoa maua makubwa ya manjano. Chini ya baadhi ya maua kulikuwa na viboga vichanga, vya duara, kama limau. Kiranja aliviona akafurahi. Baada ya siku tatu kimoja kikageuka manjano, kikalainika, kikadondoka. Kesho yake kingine. Aliongeza maji, vikadondoka. Aliongeza samadi, vikadondoka. Mvua zikaisha, mashina yakakauka, na lile tuta halikutoa hata boga moja.

"Ni ugonjwa, shangazi?"

Shangazi alikuwa amechuchumaa kando ya tuta. Alichukua kiboga kilichooza, akakigeuza kiganjani.

"Si ugonjwa. Ni wageni wangu hawakuja." Akaona mtoto hajaelewa, akaendelea. "Ua la boga ni la aina mbili, mwanangu. Moja lina unga, jingine lina kiboga chini yake. Ule unga usipofika kwenye ua la pili, kiboga hakikui. Nani anaubeba? Nyuki. Sasa ua la boga hufunguka alfajiri, na ikikaribia mchana limefumba. Nyuki gani atafunga safari kwa chakula cha asubuhi tu? Walikuwa wakija kwa ajili ya kivumbasi, chenye maua kutwa, miezi na miezi. Wakishakuja, hupitia na kwenye boga."

"Hatuwezi kuupaka sisi wenyewe? Kwa mkono?"

"Tunaweza. Ila uwahi kila ua, kila alfajiri, na usikosee. Nyuki hasahau, wala hachelewi shule."

Mbegu zilizobaki zilikuwa mbili tu. Zikipandwa na kuanguka kama hizi, boga la bibi limekwisha duniani, kwa mkono wake yeye.

"Kivumbasi hakiwezi kuota tena?" aliuliza polepole.

"Mbegu zake zilikuwa juu ya mashina, na mashina yameliwa. Vingine viko kwa Mzee Pampu, nyuma ya lundo la matairi. Lakini nitamwendeaje yule mzee kuomba, na nilivyomsemesha?"

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Usiku ule Kiranja alilala vibaya, na kesho yake, baada ya shule, hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Mzee Pampu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, akizamisha mpira wa baiskeli kwenye karai la maji ili aone mapovu yanatoka wapi. Diwani alikuwa kwenye kamba yake. Alimwona Kiranja, akanyamaza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baiskeli imefanya nini?"

"Sina baiskeli." Kiranja aliangalia mapovu. "Babu, Diwani hakula vile vivumbasi. Niling'oa mimi. Nilimsingizia."

Mzee Pampu hakushtuka. Aliweka alama kwa chaki pale penye tundu, akaufuta mpira kwa kitambaa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mbuzi wangu hapendi harufu ya kivumbasi. Ukimpelekea mdomoni anapiga chafya. Tena mbuzi hula majani, hang'oi mizizi akafagia na mahali pake."

Kiranja aliona aibu, akatamani ardhi imfunike.

"Sasa mbona hukusema, babu?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto wa jirani ni mwongo? Shangazi yako alikuwa na hasira, asingesikia. Nikaona afadhali kamba kuliko ugomvi, na mwenye neno lake atakuja. Umechelewa lakini, mjukuu wangu. Miezi mitatu. Mwulize huyo hapo kama ni mingi au michache."

Diwani alilia, kama aliyesubiri zamu yake. Kiranja naye machozi yakamtoka.

"Nifanye nini, babu?"

"Mawili. Fungua kamba hiyo wewe mwenyewe. Halafu nenda ukamwambie shangazi yako maneno haya haya, wala usiyapunguze. Ukimaliza, rudi tuzungumze habari za mbegu."

Kufungua kamba ilikuwa kazi rahisi, ingawa Diwani alimkanyaga mguu. Kusema na shangazi ndiko kulikokuwa kugumu. Cherehani ilikuwa inakimbia. Kiranja alipofika kwenye maneno "ni mimi", ikasimama. Shangazi hakupiga kelele. Alikata uzi kwa meno, akaondoa nguo kwenye sindano, akaikunja.

"Nilimtukana mzee wa watu," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa neno lako."

"Nisamehe, shangazi."

"Vaa kandambili. Tunakwenda wote. Wewe una kosa lako na mimi nina langu."

Kwa Mzee Pampu shangazi aliomba radhi mwenyewe, mbele ya mtoto, bila kujitetea. Kisha akatoa hukumu: mpaka mvua zijazo ziishe, Kiranja atamchunga Diwani kila jioni. Na hukumu hiyo ilikuwa na meno. Diwani alimkokota mtaa mzima, na Kasuku alipowaona alipiga kelele, "Jamani, nani anamchunga mwenzake hapo?"

Mzee Pampu akampa mbegu. Alipukusa vishada vilivyokauka juu ya gazeti, akapuliza makapi, zikabaki punje nyeusi, ndogo kuliko za ufuta. Zilijaa nusu ya kibiriti kitupu.

Kiranja aliamua safari hii kufanya kazi kupita kazi. Alilima ukingo kwa kina, akamwaga samadi ndoo nzima, akachimba vishimo kwa kidole, akafukia mbegu vizuri kama anavyofukia mahindi. Akazimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu alifukua kwa kijiti, akakuta tope tu. Kwenye kibiriti zilikuwa zimesalia punje za kujaza ukucha.

Alirudi karakanani kichwa chini.

"Ulizifukia?" Mzee Pampu aliuliza.

"Sana."

"Na samadi ukaweka?"

"Ndoo nzima."

Mzee alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mjukuu wangu, vile vya kwanza nani alivifukia? Upepo? Kivumbasi ni mtoto wa porini. Ukimlaza kitandani anaugua. Mbegu yake inataka kuona mwanga. Imwage juu ya udongo mgumu, ikanyage kwa unyayo ishike, basi. Samadi ipeleke kwenye boga. Maji nyunyiza kwa vidole, usimwage. Halafu ondoka."

"Niondoke?"

"Uondoke. Hiyo ndiyo kazi utakayoiona ngumu."

Na kweli. Kiranja alimwaga zile punje za mwisho mahali ambapo hakuwa amelima, akazikanyaga kwa miguu mitupu, akazinyunyizia maji. Baada ya dakika chache kila punje ilijivika ute mweupe kama yai dogo la chura, ikashikana na udongo. Shangazi alimpa mapindo aliyokata kwenye kitambaa cha sare, ya rangi ya buluu, naye akayafunga kwenye vijiti kuonyesha mpaka. Ufagio usivuke hapo.

Siku ya nane, vikachomoza vijani viwiliviwili, vidogo, vinavyofanana na magugu mengine yote. Mkono wa Kiranja ulimwasha. Kila asubuhi alifika kwenye mapindo ya buluu, akasimama, akauweka ufagio mgongoni, akaukamata kwa mikono yote miwili. Majani makavu yakadondoka ndani ya mpaka, akayaacha. Kimoja kikaota kimepinda, akakiacha.

Mvua zilipokuja, alipanda mbegu mbili za mwisho za bibi. Zikaota, zikatambaa. Tatizo likawa moja: maboga yalitangulia kutoa maua. Kivumbasi kilikuwa kimefika kiunoni mwake, kina vishada, lakini vishada vyote bado vilikuwa vya kijani. Kiboga cha kwanza kikageuka manjano, kikadondoka. Cha pili alijaribu kukipaka unga kwa kidole, akakosea, nacho kikadondoka. Kiranja alikiokota cha tatu na kukipeleka barazani, akakiweka kando ya cherehani.

"Subiri," shangazi alisema.

"Na vyote vikidondoka?"

"Basi tutajua tulisubiri. Una jambo jingine la kufanya pale?"

Hakuwa nalo.

Siku ya tano baada ya hapo, ilikuwa Jumapili, Kiranja alitoka na ufagio kama kawaida, akasikia kitu kabla hajaanza. Mvumo. Maua madogo meupe yalikuwa yamefunguka kwenye vishada vya chini, na nyuki watatu, wanne, hapana, zaidi, walikuwa wakihama kutoka ua hadi ua. Mmoja aliinuka, akapita juu ya mapindo ya buluu, akaingia ndani ya ua la boga, akapotea kabisa. Alipotoka alikuwa na unga wa manjano mgongoni na miguuni, kama mpishi wa mikate. Akaingia kwenye ua la pili, lile lenye kiboga.

Kiranja hakufagia siku hiyo mpaka jua lilipokuwa juu.

Kile kiboga hakikudondoka. Kilikua, kikawa kama ngumi, kikawa kama kichwa cha mtoto, kikawa boga. Kikafuatiwa na vingine viwili. Yalipokomaa, shangazi alipasua la kwanza kwa kisu kikubwa. Kiranja alikusanya mbegu zake kwa vidole, akaziosha, akazianika juu ya gazeti. Zilifunika ukurasa mzima. Zilipokauka, fundo moja lilirudi kwenye mkebe wa vifungo. Fundo jingine alilipeleka mwenyewe kwa Mzee Pampu, pamoja na nusu ya boga.

Jioni hiyo mzee alikuja kurudisha sahani, Diwani nyuma yake, bila kamba. Diwani alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo. Wote watatu wakamtazama. Alinyoosha shingo, akanusa kishada kimoja, akapiga chafya mara mbili, akageuka akaenda kutafuna pindo la buluu.

"Mmeona?" Mzee Pampu alisema. "Shahidi wangu huyo. Tungemwita mapema, kesi ingeisha siku ile ile."

Walicheka, na Kiranja alicheka kuliko wote, kisha akaacha.

"Wiki ijayo kamati inakuja tena," alisema. "Kasuku atasema msitu umerudi."

"Nawe utamjibu nini?"

"Nitamwambia apite taratibu, asiwasumbue wageni. Akitaka mbegu nitampa. Ila nitamwambia asizifukie."

Shangazi aliondoa pini iliyosahaulika kwenye ukosi wake, akamvuta Kiranja kando yake.

"Sikiliza, Bibi Afya. Usafi ni kitu kizuri, sikukatazi. Lakini kabla hujang'oa kitu, uliza kwanza nani anakula hapo. Na ukikosea, kosa ling'oe siku hiyo hiyo, lingali changa. Wewe uliacha lako likae miezi mitatu, mizizi yake ikamfunga mbuzi wa watu, ikatukosanisha mimi na jirani yangu, na kidogo imalize mbegu ya bibi yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya. Sasa mnyang'anye Diwani hilo pindo kabla hajalimeza. Hilo ni la sare ya mtu."